Gari Nililomchorea Mama Kavira

Mke wangu Masika husema mimi ndiye abiria mbaya kuliko wote katika Goma. Akisema hivyo watu hucheka, lakini ni kweli. Nikipanda gari ambalo karoseri yake niliichora mwenyewe, sikai kama watu. Nasikiliza bawaba za mlango. Natia kidole kwenye kona ya dirisha nione kama inatetemeka. Tukiingia shimoni nafumba macho na kungoja sauti ya chuma kikiachana na chuma. Siku moja mama aliyekaa karibu nami alinishika mkono.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Niko nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini?"

Ningemwambia nini, kwamba mtu aliyetengeneza kiti alichokalia ndiye anayeogopa kuliko wote ndani?

Basi ninyi vijana mnaokuja kwangu Ndosho na simu zenu, mnanionyesha michoro inayong'aa na kuniuliza, "Muzee Paluku, hapa tufanye namna gani?", msingoje niwafundishe kutulia. Mimi mwenyewe sikuweza. Nimefanya kazi hii tangu ndevu zilipoanza kuota mpaka vidole vilipokataa kukunjika, na sikumbuki gari hata moja lililotoka kwenye karakana yangu nikaenda kula kwa raha.

Kwa yule asiyeijua kazi yetu: lori likifika hapa kwetu mara nyingi lina kabini, injini, magurudumu na vile vyuma viwili virefu vya shasi, basi. Yote yanayokaa juu ya shasi, sakafu, mbavu, paa, viti, milango, ndiyo karoseri. Mwenye gari anakuja na shasi yake na kusema anataka kupeleka nini wapi. Wewe unaamua watu watakaa wapi, mzigo utalala wapi, na gari likianguka nani atatoka na nani hatatoka. Hilo la mwisho halisemwi na mtu. Lakini ndilo unalochora.

Aliyenifundisha ni Muzee Bahati, mtu wa milima ya Masisi, fundi wa zamani wa karoseri za mbao. Mimi nilikuwa nimetoka Butembo na kichwa kikubwa, kwa sababu shuleni nilisifiwa kwa kuchora. Nilimpelekea karatasi yenye lori zuri la pua ndefu. Akaiangalia, akaigeuza juu chini, akaiangalia tena.

"Ni muzuri," akasema. "Watu wako wapi?"

"Watu, Muzee?"

"Umechora motokari inaenda peke yake."

Kesho yake alifunga kreti tupu la bia juu ya shasi isiyo na kitu, akanikalisha hapo, akamwambia dereva atupeleke Sake na kurudi. Yeye alikaa kabini. Mimi nilirudi na vumbi mpaka kwenye meno, suruali imepasuka mahali pasipofaa, lakini nimejifunza jambo ambalo mwalimu yeyote asingeweza kuniambia nikasadiki. Shasi haikai imenyooka. Kwenye mawe ya volkano gurudumu la mbele likipanda upande huu na la nyuma likishuka upande ule, chuma kile kinajikunja kama mtu anayejigeuza kitandani. Ukiifunga karoseri kwa nguvu kila mahali, itapasuka. Kwa hiyo kati ya shasi na sakafu tia vipande vya mpira wa tairi la zamani, na uache mahali ambapo chuma kinaweza kucheza kidogo. Mnaochomelea kila kiungo mpaka kikae kama jiwe, gari lenu litakuwa zuri mpaka Mugunga tu, hapo nje ya mji.

Alikuwa na mambo mengine. Kabla ya kukata tole, yale mabati ya chuma, tengeneza gari dogo la katoni, ulizunguke, ulipindue. Kabla ya kuchora kiti, mkalishe mama mwenye mutoto mgongoni na ndoo miguuni. Kiti kinachomfaa yeye kitamfaa kila mtu, na kile kinachomfaa kijana mwembamba kinamfaa kijana mwembamba. Hili la pili nililisahau wakati mmoja, nikatoa basi dogo lenye mlango mwembamba, wa kupendeza kweli. Siku ya kulibariki padri akakwama. Mimi na Muzee tulimsukuma kutoka nyuma huku yeye anaendelea na sala, kwa sababu hakujua kama aikate. Tangu hapo milango yangu ni mipana. Mkiona mlango mpana Goma, ni wa padri yule.

Sasa niwaambie juu ya gari la Mama Kavira, maana ndilo mnalolikopia ninyi nyote, hata wale wasiojua lilitoka wapi.

Mama Kavira alikuwa mchuuzi wa maharagwe na viazi, mwenye lori lake mwenyewe la njia ya Masisi. Mwenyeji wa Butembo kama mimi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko. Alikuja kwenye karakana akiwa ametoka msibani. Lori la mwenzake lilikuwa limelala ubavu kwenye mteremko, na watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia walitupwa bondeni pamoja na magunia.

"Papa Paluku," akasema, "nimechoka kuona watu wanakufa juu ya maharagi. Unichoree motokari ambayo mutu hawezi kupanda juu."

Nililala na neno lile na kuamka nalo. Nikachora sakafu iliyoinuliwa, na chini yake, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nikaweka nafasi ya chini ya kutia magunia, iliyofunikwa na tole pande zote, yenye milango ya ubavuni inayofungwa kwa komeo la nje. Tukaiita tumbo. Uzito wote ukae chini, watu wakae juu yake kwenye viti vyao, wana mbavu za chuma pembeni. Na paa nikalifanya la mviringo, laini, kama mgongo wa samaki. Bila ngazi na bila chuma cha kushika, asiwepo wa kupanda.

Nilitengeneza gari dogo la katoni, nikampelekea Muzee Bahati, ambaye alikuwa amekwisha kuacha kazi na anaketi nyumbani kwake na shali mabegani. Aliligeuza mikononi. Halafu akaomba maharagwe kidogo jikoni, akayaweka juu ya paa la katoni moja moja. Yakateleza yote, yakaanguka kwenye sakafu.

"Watu wako wameenda wapi?"

"Hawatapanda, Muzee. Ndiyo sababu ni mviringo."

"Watapanda."

"Hakuna mahali pa kukaa!"

"Paluku. Mutu hapandi juu ya motokari sababu kuko nafasi. Anapanda sababu kuko kitu nyuma yake."

Nilimheshimu, lakini nilifikiri ni uzee unaosema. Gari likatoka, likapendwa. Wakaliita Samaki. Kwa miaka likaenda Masisi na kurudi, pasipo hata mtu mmoja juu ya paa, na kila karakana ya mji ikaanza kutoa paa la mviringo. Nilikuwa nikipita barabarani nayaona, nasikia fahari, halafu hofu kidogo, kama mtu aliyeacha sufuria motoni na hakumbuki ni nyumba gani. Muzee Bahati alifariki katika miaka hiyo. Sikupata kuzungumza naye tena juu ya yale maharagwe.

Halafu ikaja volkano. Mnaikumbuka wenyewe, wengine mlikuwa wadogo. Ilikuwa imekwisha kutema moto, lakini ardhi haikutaka kutulia. Nyumba zilitetemeka mchana kutwa, lami ikapasuka, na asubuhi moja tukaambiwa tuondoke mjini. Mama Kavira alikuwa amejaza tumbo la gari lake magunia ya maharagwe, akiokoa alichoweza, na anaelekea Sake. Dereva wake, Jerome, alinitafutia nafasi moja. Nilimkalisha Masika mwenyewe, kiti cha nyuma ya dereva, pale nilipoacha kabini wazi kwa nyuma, karibu na dirisha.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Nakuja na pikipiki. Kuko chupa za gazi."

Nilikuwa na chupa za gesi za kuchomelea, zimesimama ukutani kwa jirani. Singeweza kuziacha hapo, moto ukifika zingeruka na nyumba za watu. Nikazikokota moja moja mpaka kwenye uwanja mtupu. Nilipowasha pikipiki, gari la Mama Kavira lilikuwa limeondoka zamani.

Barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu kama sijawahi kuona. Magodoro vichwani, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba sufuria na wazee. Nikajaribu simu, reso hakuna, mtandao umekatika. Nikawa naendesha mguu mmoja chini, nasukuma pikipiki kuliko kuipanda. Karibu na Lac Vert njia ikapanda kidogo na nikaweza kuona mbele. Nikaona paa langu.

Lilikuwa limejaa watu.

Walikuwa wamekaa kama wachungaji juu ya ng'ombe, mguu huku na mguu huku, kila mmoja amemkumbatia aliye mbele yake. Yule wa mbele kabisa hakuwa na wa kumkumbatia, basi alilala kifudifudi na kubandika viganja kwenye tole. Nililing'arisha tole lile mwenyewe ili mvua iteleze vizuri. Na mbele yao, nilijua, kulikuwa na kona ambapo njia inalala upande mmoja na kando yake ni mawe meusi matupu.

Sijui niliwapitaje watu wale. Nilifika ubavuni mwa kabini nikapiga mlango kwa mkono.

"Jerome! Simama!"

"Papa, nikisimama wataongezeka!"

"Simama, bwana! Pale kona wataanguka wote!"

Akasimama. Nikawaomba walio juu washuke. Niliwaambia mimi ndiye niliyelitengeneza, nalijua, halibebi watu juu. Mwanaume mmoja alinitazama kwa upole kabisa, kama unavyomtazama mtu asiyeelewa.

"Muzee, siwezi kushuka. Wewe uliona moto ule? Mimi niliuona."

Nikiwa bado nasema, alitokea nyuma yetu kijana anachechemea, kiatu mkononi, damu kwenye kiwiko. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye paa lile lile muda kidogo uliopita. Hakuja kulalamika. Alikanyaga gurudumu, akashika dirisha, akaanza kupanda tena.

Nilisimama pale nikimwangalia anatafuta kitu cha kushika, na hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba hakitakuwapo.

Nikaenda kwenye mlango wa abiria. Mama Kavira alikuwa amekaa mbele, mkoba kifuani. Nikashika dirisha lake.

"Nini, Papa? Sema."

"Mama, tumbo. Wale wa juu wanaweza kuingia mule. Lakini magunia..."

Alishuka, akasimama mbele ya milango ya tumbo, na nikaona midomo yake inacheza pasipo sauti. Biashara yake yote ilikuwa mule, iliyobaki mjini haikuwa na maana tena. Ardhi ikatikisika, watu wa juu ya paa wakapiga kelele na kukumbatiana zaidi. Akafungua komeo kwa mkono wake.

"Toeni," akasema.

Magunia yakatupwa kando ya barabara, juu ya mawe. Moja likapasuka. Mtu akauliza kama anaweza kuchukua kidogo, akamwambia, "Chukua. Chukueni wote." Na watu walipoona kuna mahali pa kuingia, walishuka kwenye paa bila mimi kuwaomba tena. Wakaingia tumboni wamejikunja, magoti kidevuni. Mzee mmoja alishindwa kukunja mguu. Mama Kavira akampa kiti chake mwenyewe, akainama kuingia tumboni.

"Mama, si wewe!"

"Ni nafasi ya maharagi yangu. Naijua."

Milango ile ilifunguka kwa nje, na njia ilijaa watoto wanaotembea. Tusingeweza kwenda nayo wazi, ingewagonga. Nikaifunga. Nilipokuwa natia komeo niliona jambo ambalo hata kipofu angeliona: komeo lilikuwa la nje tu. Gunia halihitaji kujifungulia. Nikamwambia Jerome, "Nitakuwa kando yako. Nikipiga mlango, simama." Tukaondoka.

Kona tuliipita salama. Lakini baada ya kona kundi la ng'ombe likaingia kati yangu na gari, nikabaki nyuma. Jua lilikuwa limetoka. Nilifikiria lile tole, jinsi linavyoshika joto, na viungo nilivyovifunga vizuri ili vumbi lisiharibu maharagwe. Vizuri mno. Nikapiga honi, ng'ombe hawakujali. Nikaacha pikipiki pale pale, nikaanza kukimbia, mimi mwenye umri ule, napita kati ya pembe. Nikasikia kugongwa. Sauti ya viganja kwenye chuma, kutoka ndani. Jerome hakuisikia, injini ilikuwa inalia. Niliita jina lake tena na tena. Halafu kugonga kukapungua. Halafu kukanyamaza, na mimi bado sijafika.

Gari likasimama ghafla. Nilipolifikia nilikuta Masika amesimama nyuma ya kiti cha Jerome na kiatu mkononi. Alikuwa amesikia chini ya nyayo zake watu wanagonga, akapaza sauti, Jerome hakumwelewa, basi akavua kiatu na kumpiga nacho begani mpaka akasimama.

"Fungua!" akaniambia. "Unaniangalia nini? Fungua!"

Nikafungua. Walitoka wamelowa jasho, midomo wazi. Msichana mmoja alikuwa amezimia, tukamlaza kivulini mwa gari na kummwagia maji. Nilipiga magoti karibu naye na sikuweza kufanya lolote. Kukata bomba naweza, kunyoosha tole naweza. Pumzi ya mtu sijui kuitengeneza. Akakohoa. Masika akamwinua kichwa, akakohoa tena, akaomba maji ya kunywa.

Tulimaliza njia milango imefungwa kwa kamba, nusu wazi, na wanaume wanatembea pembeni kuwaonya watoto. Tulifika Sake wote. Mama Kavira alishuka, akanyoosha mgongo, akaniambia, "Wasingya, Papa," asante ya kwetu Butembo, na akaenda kutafuta mahali pa kulala kama mtu mwingine yeyote.

Mji haukuungua wote kama tulivyoogopa, tukarudi. Kwa siku nyingi sikushika chaki. Nilipoishika, nilitia kwenye mapaa vyuma vya kushika na ngazi nyuma. Mafundi wenzangu walinigombeza. "Paluku, unafundisha watu kupanda!" Huenda. Siku ya amani nikiona vijana wamekaa juu wanacheka, miguu inaning'inia, nasema labda wenzangu walisema kweli. Halafu barabara inafungwa tena, kama mnavyoona siku hizi, watu wanakimbia tena, na nafurahi kwamba wana kitu cha kushika. Sijapata jibu. Anayewaambia kwamba amelipata, mwulizeni kama amewahi kukimbia.

Lakini kuna jambo moja ambalo sina shaka nalo, na ndilo lililonifanya niketi kuandika. Nimeona karoseri mnazotoa sasa. Mmelibakiza tumbo, lakini yale matundu ya ubavuni mmeyaziba, na komeo la ndani mmeliondoa. Mmoja wenu aliniambia yanaharibu sura, na vumbi linaingia.

Basi sikilizeni yalivyokuja. Mama Kavira alikuwa ameanza biashara upya kidogo kidogo, kwa mkopo wa dada zake. Asubuhi moja alileta gari kwenye karakana. Nilifikiri ni breki. Akanipeleka mpaka ubavuni, akaweka kidole kwenye tole.

"Toboa hapa. Na hapa. Mpaka nyuma. Na komeo, uniwekee ingine ya ndani."

"Mama, hapa ni pa magunia."

"Najua ni pa nini."

"Masisi mvua inanyesha kila siku. Maji yataingia, maharagi yatalowa."

Alikuwa bado ameweka kiganja kwenye tole, wazi kabisa, kama mtu anayelisikiliza.

"Yalowe," akasema.

Nikaenda kuchukua mashine, nikaanza kutoboa.